Video Yangu Ilimnyang'anya Mama Shamba

Admin, jina langu naomba libaki kwako. Mkoa utaje tu, maana wa Rukwa watanijua hata nikijificha, na wengine walishanitukana wakamaliza.

Nina miaka thelathini na tatu, ni fundi cherehani, naishi Izia hapa Sumbawanga na binti yangu mmoja. Mume tuliachana zamani. Sikuwa mtu wa harakati, ila nikishona huwa nasikiliza simu, na kuna ukurasa mmoja mkubwa wa kutetea wanawake niliuzoea kuliko redio. Wadada wasomi, wanaongea mpaka unasimamisha cherehani. Kwao ndiko nilikojifunza kwamba haya niliyokuwa nayaona kwetu tangu utotoni yana majina, na kwamba siyo lazima niyakubali. Sitakuwa mnafiki, ule ukurasa ulinifungua macho.

Baba alifariki mwaka jana. Mama yuko kijijini Msanzi, na shamba lake ni lile alilolima na baba miaka yote. Machi hii, bado yuko kwenye msiba, alilima matuta yetu ya Kifipa, yale ya duara tunayofukia majani yaoze ndani, na kwetu aliyefukia majani anajulikana ndiye atakayepanda msimu unaofuata. Baada ya mavuno ukoo ukaitisha kikao cha kugawa mali za marehemu. Mama akaniita nikasaidie kupika, akanisisitiza nisichangie neno.

Kumbe mambo yalishamalizwa. Mama alikuwa amepika pombe ya ulezi akampelekea Mama Mkubwa, mke wa kaka yake baba, na wale wanawake wawili wakapanga kila kitu: Baba Mkubwa aanze kwa ukali ili vijana wa ukoo waridhike, halafu mwishoni alegeze. Mimi sikuambiwa, kwa sababu mama anaujua mdomo wangu.

Nikawa nimesimama mlangoni, simu inarekodi. Baba Mkubwa akasema, "Mwanamke haji na ardhi kwenye mkoba. Huyu alikuja mikono mitupu, na shamba ni la ukoo." Mama kainama tu. Nikatoka mpaka barabarani kunakopatikana mtandao, nikakata dakika moja na nusu, nikawatumia wale wadada. Hazikupita dakika kumi wakaiweka, na jina langu juu yake. Nikakaa palepale nasoma maoni. Niliporudi nikakuta kikao kimekwisha, mama anawamiminia mashemeji zake pombe huku anacheka. Mama Mkubwa ndiye aliyenisimulia jikoni kwamba Baba Mkubwa alimalizia hivi: mke wa marehemu atalima mpaka Mungu amchukue, na mtu asimsumbue.

Hapa ndipo penye dhambi yangu. Ningeweza kuwaandikia waifute palepale. Nilirudi barabarani kwa nia hiyo, nikafungua simu, nikakuta watu wananiita jasiri, wananiita sauti ya wanyonge. Nikajiambia kuruhusiwa kulima siyo haki, ni kusaidiwa, na mpaka leo naamini hivyo. Lakini siyo hilo lililonizuia kuandika. Mimi hapa mtaani miaka yote naitwa yule aliyeachika. Siku ile niliitwa kitu kingine, na nilikipenda. Nikairudisha simu mfukoni.

Video ikaenea kwenye magrupu yote. Baba Mkubwa ni mwenyekiti wa kigango, Jumapili akisimama kanisani kutoa matangazo watu wanamzomea chini kwa chini wakitaja mkoba. Alivumilia wiki mbili, kisha akaita ukoo akalifuta neno lake. Shamba akapewa baba mdogo, pamoja na matuta ya mama yenye majani tayari yameoza. Mama Mkubwa naye, aliyekuwa anatusaidia, amekatazwa kukanyaga kwetu.

Nikawaandikia wale wadada, nikawaeleza yote, nikaomba wakili au hata mtu wa kunielekeza baraza la ardhi. Walinijibu kwa upole sana. Wakasema poleni, halafu wakauliza kama ninaweza kupata video fupi ya mama akieleza uchungu wake, ikiwezekana akiwa shambani. Nilipowaambia mama hataki kuonekana, wakaacha kujibu. Kesho yake walikuwa na mwanamke mwingine wa mkoa mwingine, na wale wale walioniita jasiri walikuwa wanamwita yeye. Sasa nabaki na wanawake wanaoniandikia wenyewe. Mmoja wa vijiji vya jirani ni mjane, ameniambia amegoma kutoka kwenye shamba la marehemu mumewe kwa sababu aliiona video yangu.

Wiki iliyopita nilienda Msanzi kumpigia magoti Baba Mkubwa. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia mpaka nilipomaliza kulia. Masharti yake ni haya: nipige magoti hivyo hivyo mbele ya simu, niseme nilidanganya, iende kule kule nilikomchafulia. Nikifanya hivyo, mama anarudishiwa shamba kabla ya kupanda. Lakini maneno yale aliyasema, sikuyatunga mimi. Nilichokosea ni kuyakata.

Nilipomweleza mama kwamba nilikuwa namtetea, alikuwa anapepeta ulezi, hata hakuniangalia. Akasema, "Mimi sikuomba kusemewa, mwanangu. Nilitaka shamba, na nilikuwa nimeshalipata."

Mawingu yameshaanza kujikusanya huku kwetu. Ndugu zangu, msinipe pole na msiniite jasiri, hayo nimeshayapata ya kutosha. Nikisema nilidanganya, yule mjane atatolewa shambani kwa video yangu hiyo ya kukana. Nikikataa, mama yangu, akiwa na miaka sitini na nane, ataomba kibarua kwenye matuta aliyoyalima mwenyewe. Nishaurini, nimuuze mwanamke yupi?