Mwani wa Mwenzangu

Nimewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu ya uchafu. Najua inavyosikika, lakini uchafu wenyewe ulikuwa wa kijani, umelala ndani ya chupa zake za kioo, na ulikuwa unaninyang'anya kitu pekee nilichokitaka mwaka ule.

Tulikuwa wanafunzi wawili wa uzamili hapa Dodoma, chini ya mwalimu mmoja. Alikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu wa kuendelea naye hadi shahada ya uzamivu, na alishatuambia atamchukua mwenye matokeo ya kueleweka. Kazi yetu ilikuwa kuyasafisha maji ya shimo la dhahabu lililotelekezwa. Maji yale ni mekundu kama chai ya rangi iliyokolea, yana asidi ya kutoboa nguo, na yamejaa chuma na salfa iliyotoka kwenye mawe.

Mimi ni mtoto wa Area D, nimelelewa na mama aliyesugua tangi la maji kila Jumamosi. Kwake yeye ukijani ndani ya maji ni aibu ya nyumba. Basi tulipochota, niliyachuja maji yangu mpaka hayakubaki na hata uzi wa mwani. Mwenzangu, aliyekulia kijijini Busi akinywa maji ya lambo, aliuzoa ule utelezi wa kijani kwa mikono, akautia kwenye chupa zake, akazipanga dirishani.

Baada ya siku chache mwani wake ulianza kutoa vipovu. Kwenye jua ulitengeneza oksijeni, na chuma kilichoyeyuka majini kilipokutana na oksijeni hiyo kikawa kutu, kikatua juu yake. Maji yakaanza kung'aa. Yangu yalikaa vilevile mekundu, hayana mwani wala habari yoyote. Mwalimu alipoingia maabara tulimwamkia shikamoo wote wawili, naye aliitikia huku keshainama kwenye chupa za mwenzangu. Roho iliniuma. Nilichukia hata alivyokuwa akicheka.

Wakati wa mavuno aliaga kwenda kwao. "Dada, niangalizie chupa zangu, eeh? Zisikose jua tu."

"Wala usijali, mpenzi," nikamjibu.

Hajafika hata getini, nikachukua boksi tupu la karatasi za fotokopi nikazifunika chupa zake. Sitajifanya ilikuwa bahati mbaya. Nilitaka mwani ule ufe, na niliuacha gizani wiki tatu nzima.

Nilipanga kuliondoa boksi siku moja kabla hajarudi, lakini aliwahi kurudi. Aliingia na mfuko wa karanga za shambani kwao, akaniwekea mkononi kabla hata hajaketi. Mwalimu alikuwepo. Alikuwa ndiyo kwanza anauliza boksi lile ni la nini, akalinyanyua.

Harufu ya mayai viza ikajaa maabara. Mwani ulikuwa umekufa kweli, umeoza, na chini ya kila chupa palikuwa na tope jeusi tii. Nikajua nimekwisha. Mwalimu akapima maji, akapima tena, akaanza kutembea huku na huku kama mtu aliyepigiwa simu njema. Mwani uliokufa ulikuwa umegeuka chakula cha bakteria. Walipoimaliza oksijeni yote, wakaigeukia salfa ya majini, nayo ikashikana na chuma, vikazama pamoja. Ukali wa asidi ulikuwa umeshuka. Mwani ukiwa hai ulishusha chuma peke yake. Ulipokufa gizani ulishusha vyote viwili, chuma na salfa.

"Wazo la kufunika ni la nani?" akauliza.

Mwenzangu alilitazama boksi, kisha akanitazama mimi, na mfuko wake wa karanga bado mkononi mwangu. Alielewa. Niliona usoni mwake jinsi alivyoelewa.

"Ni la dada," akasema. "Mimi nilijua jua tu, Mwalimu."

Mwalimu akanigeukia. Ilinibidi niseme kitu, nikasema ndiyo.

Nafasi nikapewa mimi. Yeye anafundisha sekondari moja kule Zuzu, na tukikutana mjini hunisalimia vizuri, huniuliza utafiti unaendeleaje. Ningekuwa mimi mahali pake siku ile, ningemwaga kila kitu mbele ya mwalimu. Nina kila alichokikosa, na bado namwonea wivu.