Kopo langu la dawa ya ini lililia njia nzima, Mbinga hadi Lituhi

Wakuu, ulikuwa mwaka ule mahindi yaliungua shambani, tukala ugali wa muhogo na dagaa wa ziwani mpaka tumbo likasahau mahindi.

Mimi ni bibi wa wajukuu tisa. Shule niliishia darasa la tatu, ila uongo sikufundishwa.

Mbinga hospitali walinipima, wakakuta homa ya ini B. Nesi akanipa kopo. "Bibi, hii tenofovir. Kimoja kila siku, usiache mpaka daktari aseme. Hata wenye VVU wanaimeza, pamoja na nyingine."

Basi la kurudi Lituhi, kila shimo kopo mkobani chaka chaka chaka. Huku sauti hiyo watu wanaijua kuliko kengele ya kanisa: wakiisikia, wanasema ni dawa za ukimwi. Nafika nyumbani, habari imeshafika na imeshakunywa chai.

Binti yangu akasema, "Mama, wenzio wanatia pamba kopo lisilie."

Nikamjibu: "Sitii pamba. Kopo langu litalia."

Wiki ileile kukawa na msiba kwa jirani. Ugali wa msiba miaka yote nasonga mimi. Nashika mwiko, mama mmoja wa jumuiya yetu, simtaji, akanipokonya. "Dada, pumzika. Kakae na wageni."

Wageni! Mimi niliyezaliwa palepale! Kwetu mwenyeji akiketishwa na wageni msibani, ameshazikwa yeye.

Nikatoa kopo, nikalitikisa mbele yao. "Linaloumwa ni ini, mikono mizima! Na ingekuwa ukimwi ningesonga vilevile, ugali hauambukizi. Leta mwiko!"

Bibi mmoja akacheka: "Mpeni, kabla hajatusonga sisi!"

Nikapewa. Wakala mpaka ukoko.

Jioni yule mama akanifuata nyuma ya jiko. Akafungua kitenge: kopo kama langu, limejaa pamba. Akasema anameza kwa kujificha, na siku akiwa na wageni anaruka.

"Dada, usitikise tena, watatutafuta na sisi wengine. Tia pamba na wewe."

Nikamwambia ameze kwanza, huku namwona. Akameza.

Nilichojifunza ni hiki: anayeficha dawa huruka siku, na ini halisubiri wageni waondoke. Mnaoficha makopo, semeni hapa chini. Wa kunitukana nao waje, nafasi ipo.

Ila yule mama nilimjibu kama nilivyomjibu binti yangu:

"Sitii pamba. Kopo langu litalia."