Nilimpunguzia Mulongo Alama Moja

Nilikosa, na sitaki mnionee huruma kabla hamjasikia. Nilimdhulumu mtoto aliyeniamini, na tangu hapo hata kiti kinanichoma nikikikalia.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la nane upande wa Sirisia, miaka ya themanini ikielekea kuisha. Darasani nilikuwa na pacha wawili, wavulana. Kwetu Wabukusu pacha hawatafutiwi majina: anayetangulia kuzaliwa ni Mukhwana, anayemfuata ni Mulongo. Ukisikia jina tu, umejua nani mkubwa.

Shule moja ya bweni ya misheni ilitupa nafasi moja ya kusomeshwa bure, ya yule atakayeongoza mtihani wetu wa mwisho. Nikasahihisha, nikajumlisha. Mukhwana na Mulongo wamefungana! Nikajumlisha tena, wapi! Sawa kabisa.

Nikamwendea mwalimu mkuu.

"Mimi nataka namba wani mmoja," akasema. "Mambo ya kufungana peleka kwa mpira. Si wewe ndio mwalimu wao? Tafuta mmoja, bana."

Ningeweza kurusha shilingi mbele yao. Ningeweza kuwapa swali lingine. Lakini mimi, kichwa maji, nikajiambia: kwani Mungu hajawapanga tayari? Mukhwana alitangulia kuzaliwa, basi atangulie na hapa. Na kwa vile niliogopa kuulizwa maswali, nikaichukua insha ya Mulongo nikaipunguzia alama moja. Pembeni nikaandika: mwandiko mbaya. Uongo mtupu! Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Niliposoma matokeo, Mulongo hakulia. Aliniangalia tu, akasema, "Sawa, mwarimu. Mimi ni wa piri tangu tumboni."

Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka nao, jamani!

Mukhwana akaenda bweni. Baba yao hakuwa na karo ya mtoto wa pili, kwa hivyo Mulongo akashika njia ya Suam, mpakani na Uganda, kuwabebea wafanyabiashara mizigo. Nami nikajifariji kwamba alama ni alama.

Miaka ikapita, nikapelekwa kozi ya walimu Kitale. Siku moja mkufunzi akatufundisha kupanga nafasi. Wa kwanza na wa pili wakitoshana, alisema, chukua moja na mbili, jumlisha, gawanya kwa mbili. Kila mmoja anapewa moja na nusu, na anayefuata anabaki wa tatu. Akafuta ubao, akaendelea na mengine. Kumbe hata hesabu ina njia ya kuwaacha walio sawa wakae sawa!

Sikuweza kutulia. Wakati wa chai nikatoka mbio kumtafuta Mulongo, maana nilikuwa nimesikia siku hizi anapakia magunia kwenye duka la Singasinga mmoja pale mjini. Nikamkuta, nikamwambia yote hapo hapo, tumesimama juani.

"Ngoja," akasema. "Turikuwa sawa?"

"Sawa kabisa."

"Mimi na Mukhwana?"

"Alama kwa alama."

Akaketi juu ya gunia.

"Baba aripogawa shamba, nirimwachia Mukhwana achague, ati yeye ndio ako na kichwa. Bibi yangu akisema nirudi shure, namwambia mimi ni mjinga. Sasa unaniambia reo?"

Nikamshika mkono nimwombe msamaha. Akauvuta.

"Msamaha nitatafuta. Kwanza rudisha hiyo arama."

Nitairudisha wapi? Karatasi zile zilishawashiwa moto jikoni. Nimekwenda kwa baba yao nikasema. Nimemwambia na Mukhwana, na tangu siku hiyo salamu yangu haitikii. Na Mulongo kila tukikutana swali lake ni lile lile: "Umerudisha?" Siku hizi nikimwona kwa mbali nabadilisha njia, mtu mzima na mvi zangu!

Walimu wenzangu, nawasihi. Watoto wakifungana, waacheni wamefungana. Mkilazimishwa kuchagua, chagueni mbele yao, mseme wazi kwamba mnachagua tu. Msimwambie mtoto ameshindwa na mtu aliyetoshana naye, kwa sababu atawaamini.