Sanamu Iliyopita Mlango wa Victoire

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, sanamu ya Mama Maria ilipita mbele ya mlango wa Masika Victoire bila kusimama. Katika shirika letu la Mugunga, yaani jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa, sanamu hiyo hukaa juma moja katika kila nyumba, kwa zamu iliyoandikwa daftarini, na zamu ilikuwa yake. Alikuwa amefua kitambaa cha meza na kukipiga pasi mara mbili. Papa Grégoire, kiongozi wa shirika, alibaki nyuma kumweleza.

"Mama Victoire, itaingia kwanza kwa Mama Héritière. Wewe upumzike."

"Nipumzike na nini, papa? Nimekufa?"

"Batu banaogopa macho yako. Mutoto wa jirani yako Bénie alilia alipokuona."

"Mutoto wa Bénie analia hata akiona padri."

Grégoire alifunua daftari. Daftarini, jina la Victoire lilikuwa limekwisha kukatwa kwa kalamu nyekundu.

Macho hayo yalianza kutokeza mwezi wa tano. Kabla ya hapo moyo ulikuwa ukimwenda mbio hata akiwa ameketi. Mikono ilitetemeka hadi akaacha kushona, alitoka jasho wakati majirani wamevaa makoti, alikula sana na bado akakonda. Kisha shingo ikavimba. Mume wake, mchuuzi wa samaki, alikuwa amekwama Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, kwa sababu ya vita, na simu yake ilipatikana kwa nadra. Aliyemwona akikonda siku kwa siku ni kioo tu.

Shingo ndiyo iliyowapotosha wote. Victoire alizaliwa milimani, karibu na Butembo, ambako bibi zake walivimba shingo kwa kukosa chumvi yenye madini ya iode, na chumvi hiyo ikaja kuwaokoa wengi. Akaamini ni lile lile. Muuguzi wa kituo cha afya naye akaamini, bila hata kumgusa, akamwandikia chumvi na matone ya iode. Wanawake wa shirika wakamletea pakiti za chumvi. Alipozidi kuumwa, walisema kwamba mtu asiyepona kwa chumvi ana jambo lingine analolificha. Pakiti zikakoma, na salamu pia.

Mwezi wa kumi na moja alikwenda peke yake mjini, kwa daktari Bagalwa. Daktari alimwambia anyooshe mikono, akalaza karatasi juu ya vidole, karatasi ikacheza. Akahesabu mapigo ya moyo, akaipapasa shingo na kuisikiliza.

"Chumvi unakula?"

"Ninailamba, docteur, na matone ya iode ninameza. Mbuzi angenionea wivu."

"Basi matone yale uyaache leo. Shingo yako haikosi kitu, mama. Inafanya kazi kupita kiasi."

Kipimo cha damu kilithibitisha. Kinga ya mwili wake mwenyewe ilikuwa ikiichochea tezi ya shingo bila kuipumzisha. Ni ugonjwa wa Basedow, ambao husukuma hata macho yatokeze. Alipewa dawa ya kutuliza moyo, na nyingine, carbimazole, ya kupunguza kazi ya tezi, ya kumeza mwaka mmoja au zaidi. Alionywa kwamba akipata homa au koo likimuuma, aiache hiyo ya pili na kurudi siku ile ile kupimwa damu. Kuhusu macho, daktari hakumwahidi kitu.

Sasa ni miezi mitano tangu aanze dawa. Mikono imetulia, na anashona. Macho bado. Kila Jumamosi saa tisa, saa ya sala ya shirika, hutandika kile kitambaa na kufungua mlango. Nyimbo zikiisha ng'ambo ya njia, hukikunja.

Papa Grégoire, nanyi mlionyamaza daftari lilipopita mikononi mwenu: andikeni jina lake upya, na Jumamosi ijayo muingie nyumbani kwake na sanamu, mkae, mle chakula chake. Nanyi wakubwa wa afya: mwenye shingo iliyovimba ashikwe shingo, ahesabiwe mapigo ya moyo na kupimwa damu kabla hamjamwandikia chumvi. Victoire haombi huruma ya mtu. Anadai zamu yake.