Mjerumani wa Pasiansi

Mbwa niliachiwa na mzungu, fundi wa mashine katika kiwanda cha minofu ya samaki, aliyekuwa amepanga nyumba jirani na yangu pale Pasiansi. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao, akaniachia mbwa, mnyororo na karatasi ya maelekezo: atembezwe kila asubuhi. Ilikuwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, kila mtu akiruhusiwa kufanya biashara, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Sikuwahi kuona mtu mwenye akili timamu akitembeza mbwa. Mbwa wa kwetu walijitembeza wenyewe.

Siku ya kwanza nilitoka alfajiri nikidhani sitaonwa. Njia panda nikamkuta mama mmoja ameshabandika karai, anakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayobaki viwandani minofu ikishapelekwa Ulaya.

"Mwalimu, nani anamtembeza mwenzake?" akauliza.

"Mzungu aliagiza."

"Mzungu si ameshaondoka?"

Mbwa akaketi mbele ya karai, macho kwenye mafuta.

"Mwambie aniondokee. Minofu wamekula wenzake huko Ulaya, na mifupa nayo anaitaka?"

Tukazoeana hivyo. Kila asubuhi nilisimama pale, yeye akinipa habari za mtaa mzima huku akigeuza samaki.

Aliyenikera ni mwenyekiti wetu wa zamani wa tawi la chama. Miaka ya nyuma mzee huyu alitusimamisha juani saa nzima akitufundisha kuwachukia mabepari. Sasa alikuwa na duka la mabati na saruji, na ukimwita ndugu hakuitika. Alitaka mheshimiwa.

"Shikamoo, mheshimiwa," nilimwamkia siku moja.

"Marahaba. Huyo mbwa ni wa aina gani?"

"Sijui. Ni mbwa tu."

"Mbwa tu!" akarudia kwa huruma, akaenda zake.

Haukupita mwezi, akatokea amevaa traksuti ya mtumba, anavutwa na mbwa mrefu wa rangi ya udongo.

"Mjerumani halisi," akatutangazia. "Nimeletewa kutoka Nairobi. Kiswahili hasikii hata neno." Akamfokea mbwa kwa maneno ambayo hadi leo sijui yalikuwa ya lugha gani. Mbwa akamtazama, akajikuna.

"Mbona masikio yamelala? Ya wale wa polisi husimama," mama akauliza.

"Uchovu wa safari."

Wiki tatu masikio hayakuamka. Asubuhi moja mzee alikuwa ametusimamisha pale kwenye karai, anatueleza jinsi mbwa wa kigeni asivyomchangamkia kila mtu, mara akapita muuza maziwa kwa baiskeli, kijana wa wafugaji kutoka Mkolani. Alipomwona mbwa alifunga breki, akapiga mluzi na kumwita kwa Kisukuma.

Mjerumani aliruka. Mzee akaanguka kifudifudi, mnyororo ukamtoka mkononi, na mbwa akawa anamlamba muuza maziwa usoni huku akilia kwa furaha.

"Kumbe uko huku!" kijana akamwambia mbwa, kisha akatugeukia. "Dalali alimchukua kwetu, akasema kapata mtu wa kumtunza. Ng'ombe walikuwa wanamtii huyu kuliko mimi."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliuma midomo, maana mzee ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule yetu.

Akainuka, akapangusa magoti ya traksuti, akaokota mnyororo.

"Mmeona?" akasema. "Wiki tatu tu, ameshajua Kisukuma."

Muuza maziwa akafungua kinywa, akamtazama mzee juu mpaka chini, akakifunga na kupanda baiskeli yake. Mzee akanigeukia mimi, msomi, athibitishe.

"Ana akili sana, mheshimiwa," nikasema.

Akaondoka ameridhika, Mjerumani akigeuka nyuma kila hatua kutazama baiskeli ilikopotelea. Mama alikuwa ameacha kucheka. Alinitazama mpaka nikaona aibu, halafu akarudi kwenye karai lake. Wiki nzima baada ya hapo alimsalimu mbwa wangu, mimi akaniruka.