Salamu za Kukhu Namalwa Nilizozikata

Nakumbuka siku moja niliyokaripiwa na muuza mboga katikati ya soko la Misikhu, nami nina mvi kichwa kizima. Usicheke, mwanangu. Nilikuwa nimeshastaafu ualimu na wajukuu ninao, lakini katika kazi hii ya podikasti unayotaka kuianza nilikuwa mtoto mchanga, tena mtoto mjuaji. Ndiyo maana siku zile naziita ujana wangu.

Nilitaka kipindi cha mapishi ya kwetu Bungoma kabla wanaoyajua hawajatuacha. Mgeni wangu wa kwanza alikuwa Kukhu Namalwa. Kukhu ni nyanya, yaani bibi, kwa Kibukusu, na Misikhu nzima ilimwita hivyo. Aliuza mrenda, managu na kunde, na hakuna aliyemfikia kwa kuchuja ile chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe inayolainisha mboga. Nilimwendea kibandani kwake na simu mkononi. Niliporudi nyumbani Matulo kusikiliza, nikasikia mashine ya kusaga unga mwanzo hadi mwisho, na Kukhu kwa mbali kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Aliyeniokoa ni Simran, mwanafunzi wangu wa zamani, mwenye duka la vitambaa Bungoma mjini alilorithi kwa babu yake. Hakunipa maneno mengi. Alinipeleka stoo, akanisimamisha katikati ya majora ya vitambaa, akasema, "Mwalimu, piga makofi usikie." Nikapiga. Sauti ikatulia palepale, bila mwangwi. Hata leo nauvulia kofia werevu ule. Watu hununua mitambo ya bei kutafuta kile ambacho Simran alikuwa nacho bure. Wewe kama huna duka, keti karibu na kabati la nguo, tandika blanketi mezani, funga dirisha, na maikrofoni iwe karibu na mdomo.

Kukhu alikuja stoo na gauni lake la kanisani. Nilipomwekea maikrofoni hakuanza na mboga. Alisalimu. Alisema ni binti wa nani, wa ukoo gani, mama yake alitoka wapi, yeye ameolewa wapi. Kisha akasalimu watu mmoja mmoja, kama tulivyokuwa tukituma salamu redioni zamani: mashemeji, wanakwaya, majirani, na mwisho "mdogo wangu Naliaka na watoto wake, popote walipo huko Kitale." Dakika saba nzima! Ndipo akafika kwenye majivu, na hapo ungempenda. Alieleza bila kukwama, akituliza sauti kidogo baada ya kila hatua ili msikilizaji ashike. Miaka yangu yote darasani sikuwahi kufundisha vizuri namna ile.

Sasa, nilikuwa nimemwona kijana mmoja kwenye intaneti akisema kwamba msikilizaji hukimbia asipopata kitu cha maana dakika ya kwanza. Si uongo. Ila mimi nililimeza neno lile bila kulitafuna. Nikazikata salamu zote, kipindi kikaanza na "Chukua maganda makavu." Watu wakakisifu, kichwa kikanivimba.

Wiki iliyofuata nikaenda Misikhu nikitarajia shukrani. Kukhu alikuwa akifunga mafungu ya managu, wala hakuniinulia uso.

"Mwalimu, mjukuu yangu amenisikizisha hiyo kitu. Salamu iko wapi?"

Nikamwambia nilizipunguza kidogo, kwani watu wa siku hizi hawana subira.

"Ati ulipunguza? Umebakisha mboga, ukatupa watu yangu! Mboga si hata huyu jirani anajua? Mimi nilikuja huko juu ya Naliaka."

Wauzaji wa pembeni wakageuka kututazama. Kukhu akashusha sauti, akanieleza kwamba mdogo wake alikwenda Kitale bado msichana kufanya vibarua vya kuvuna mahindi. Baadaye waligombana kwenye mazishi ya mama yao, wakaachana kwa hasira, na alipotulia na kuanza kumtafuta hakumpata tena.

"Nikafikiria, hii sauti inafika kila mahali. Kama yeye hasikii, mtoto wake atasikia. Na wewe ukakata hapo tu, bana."

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli. Mimi ni wa hapahapa. Najua kwetu mtu mzima hasimami kusema kabla hajajulikana ametoka kwa nani, lakini wiki mbili za kumsikiliza yule kijana wa intaneti zilikuwa zimenisahaulisha nilichokulia. Nikamwomba radhi palepale, mbele ya wote walionisikia nikikaripiwa.

Nikakirekebisha kipindi. Fundisho la yule kijana sikulitupa: mwanzoni kabisa niliweka sekunde chache za Kukhu akicheka na kusema atakavyoukomesha mrenda unaogoma kuiva, ili msikilizaji apate hamu. Kisha zikafuata salamu, hakuna jina lililokatwa, na majina hayo nikayaandika pia kwenye maelezo ya kipindi. Kukhu akakisikiliza chote kabla sijakiachilia. "Hapo sasa," akasema.

Tukaendelea kurekodi. Kila Ijumaa kipindi kilitoka, kiwe na wasikilizaji tisa au tisini. Miezi ikapita, hata nikaanza kukata tamaa kimoyomoyo, na Kukhu hakuuliza. Ndipo ukaja ujumbe kutoka Kipsongo, kule Kitale: "Huyo anayesalimu ni mama yangu mkubwa. Mama yuko, lakini mguu unamsumbua, hawezi kusafiri."

Tulikwenda pamoja. Naliaka alikuwa ameketi mlangoni, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Maikrofoni ilikuwa begini, na nakiri mikono ilikuwa ikiniwasha, maana kipindi kama kile hukipati mara mbili. Kukhu akasimama mbele ya mdogo wake, akaanza kusalimu: upande wa baba, upande wa mama, waliokufa, waliozaliwa. Naliaka akajibu kila salamu huku analia, na hakuna aliyewaharakisha. Begi sikulifungua. Nilisogea kando na binti wa Naliaka, yule aliyetuma ujumbe, mpaka walipomaliza.

Basi anza, mwanangu. Usingoje mitambo mikubwa, simu yako inatosha kwa kuanzia. Tafuta chumba kilichotulia, chagua jambo moja unalolipenda, na siku uliyoahidi usiikose. Uliza swali fupi, kisha funga mdomo. Kata vikohozi na kujirudia, lakini kabla hujakata maneno ya mgeni, muulize alikuja kusema nini. Mpe asikilize kwanza. Na ujue kuna siku kazi yako itakuwa kuiacha maikrofoni begini.

Mungu akupe sauti inayosikika, na masikio yaliyo makubwa kuliko sauti hiyo. Akulete kwa watu kama Kukhu Namalwa, nawe uwe na akili ya kukaripiwa nao. Na popote jina la mpendwa wako litakapotajwa, asiwepo mtu wa kulikata.