Niliweka engine flush kwenye gari asubuhi ambayo mama alifariki

Wakuu, salaam kwenu wote.

Ninayoandika hapa yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Mwenye kutaka kucheka acheke, ila asome mpaka chini.

Wengi humu mnanijua kwa kubishana kwenye nyuzi za magari. Mimi shule niliachia P.4, darasa la nne. Nilianza kwa kubeba samaki kichwani pale mwaloni Masese, hapa Jinja, leo nina maduka mawili ya hardware Bugembe na nyumba ambayo sikumwomba mtu hata tofali. Gari yangu ya viti saba nililipa cash. Sijisifu, nawaeleza tu ili mjue ni mtu wa aina gani alifanya huu ujinga.

Mama yangu alikuwa anaishi Mbale na mdogo wangu Sula, upande wa Industrial. Alikuwa mgonjwa muda. Nilikuwa nimepanga Jumamosi nimlete Jinja, nimuweke kwangu.

Sasa nikasema mama hawezi kupanda gari inayonguruma. Nikanunua lile kopo la dawa ya kusafisha engine. Muuzaji aliniambia linaosha uchafu wote, engine inarudi kama mpya. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, madogo kama chawa. Sikuyasoma. Kusema kweli nisingeweza kuyasoma yote.

Jumatano asubuhi nikaenda kwa fundi wangu Waiswa, hapo hapo Bugembe. Akachomoa kijiti cha oil, akaangalia. Nyeusi, nzito, imeshika kijiti kama kalo, ule ugali wa ulezi. Kwa miaka nilikuwa naongeza tu oil, kumwaga yote na kuweka mpya niliona ni kupoteza.

"Hajji, hii usiweke," akaniambia. "Uchafu umekaa sana. Ukibanduka wote mara moja utaziba njia. Tubadilishe oil, baada ya wiki mbili tubadilishe tena. Itasafika polepole."

Nikamwambia, "Waiswa, spana zako za kwanza nani alikununulia?"

Akacheka kidogo. "Wewe, Hajji."

"Basi mwaga dawa."

Akamwaga. Akasema engine iwake dakika kumi bila kutembea, kisha azime, amwage oil yote na abadilishe filter. Akaweka beseni chini ya gari.

Dakika hazijafika tano, simu ikalia. Dada yetu Zaina. Hakusalimia. "Kaka, mama ametutoka. Tunazika baada ya adhuhuri."

Wakuu, hapo ndipo pa kusoma polepole.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Bugembe mpaka Mbale ni mwendo wa saa mbili na nusu. Muda nilikuwa nao, hata wa kumwaga oil mara mbili. Na ng'ambo ya barabara kulikuwa na taxi, hizi matatu zetu, inajaza watu wa Mbale.

Waiswa akasema, "Pole sana, Hajji. Lindako, ngoja dakika ishirini tu nimalize, ama panda ile taxi, gari nitakuletea mimi."

Nikamwona kama ananitukana. Mtoto mkubwa wa marehemu nifike msibani nimebanwa kwenye taxi, Mbale nzima inaangalia? Nikafunga boneti mwenyewe. Nikapita nyumbani nikavaa kanzu, nikaondoka, dawa ikiwa bado ndani.

Kuna kitu sijawaambia. Mama alikuwa ameacha neno. Akifa, mimi ndiye nishuke kaburini nimpokee, nimfungulie vifundo vya sanda. Alisema mbele ya Sula na Zaina: "Aliyenifungua tumbo ndiye atanifungua sanda."

Mpaka Iganga gari ilienda laini kuliko siku zote. Nikamcheka Waiswa kimoyomoyo.

Nilipoiacha highway pale Nakalama na kushika barabara ya Tirinyi, taa ya oil ikaanza kuwaka na kuzima. Nikasema ni sensor tu imeharibika. Halafu engine ikaanza kugonga, tak tak tak. Nilikuwa nimeweka Yasini kwenye redio. Nikaongeza sauti nisisikie.

Baada ya Namutumba, katikati ya mashamba ya mpunga, ikagonga mara moja kubwa ikashika, haizunguki tena. Kimya. Moshi kidogo tu, na Yasini bado inasoma.

Nilisimama barabarani na kanzu yangu nyeupe. Taxi zote zimejaa. Boda hakuna.

Ikafika saa sita na nusu, Sula akapiga. "Kaka, umefika wapi?"

Nikamjibu, "Niko Kamonkoli, naingia."

Kamonkoli ni kama kufika Mbale, wakuu. Mimi nilikuwa mbali, nusu ya safari bado. Sijui kwa nini nilisema vile. Najua. Sikutaka mdogo wangu asikie gari yangu imekufa.

Aliyenichukua ni dereva Mkenya, lori la mabati. Aliangalia engine mara moja. "Mzee, hii imeshika, usiwashe tena. Na kanzu safi hivi unaenda wapi?"

"Kumzika mama."

Akatoa vitu vyake kwenye kiti. "Panda." Lori lilikuwa na mzigo, linatambaa.

Nilifika saa nane na nusu. Watu walikuwa wananawa mikono kwa jerikeni. Sula alikuwa na udongo mpaka magotini.

Sikumwuliza, aliniambia mwenyewe. "Tulikungoja pale juu ya kaburi. Ulisema uko Kamonkoli, kila gari ikipita tunasema ni yeye. Imamu akasema basi. Vifundo nimefungua mimi." Halafu akasema, "Ungesema gari imeharibika tungesogeza mpaka alasiri. Imamu alikuwa amekubali kusogeza kabla sijakupigia."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Waiswa alikuja kuivuta gari, akafungua engine. Chujio la chini lilikuwa limezibwa na uchafu mweusi, oil haipiti kabisa. Akanionyesha, akalifuta na kitambaa, akaliweka mezani.

Sasa mafunzo. Kama engine yako ni ya zamani na oil hujabadilisha muda mrefu, hiyo dawa achana nayo. Badilisha oil mapema, rudia, sikiliza fundi. Ukishaiweka, usitembee hata hatua moja kabla haijamwagwa. Taa ya oil ikiwaka, zima gari papo hapo.

Na ukikwama, sema umekwama wapi.

Gari nitanunua nyingine, hilo si kazi kwangu. Maoni ya engine wekeni, nitasoma. Lakini kama humu kuna mtu alichelewa kama mimi, naomba aniambie akienda kaburini anaanza kwa kusema nini. Mimi nimeenda mara tatu, nasimama tu.